Kongosho la Kaka Elgius

Kongosho-bandia lilikuwa kubwa kama kifungo cha koti. Lilibandikwa ubavuni mwa Devota Mapunda, likapima sukari ya damu yake kila dakika. Ikipanda, lilimpa insulini; ikishuka, lilisimamisha dawa na kupiga kelele. Kwa mtambo huo, vijana wa Songea wenye kisukari cha utotoni walikuwa wamesahau sindano.

Lile la Devota lilikuwa la marehemu kaka yake, Elgius, aliyefia chuoni mwaka juzi. Siku ya kuanua matanga, wazee waligawa vitu vyake: koti kwa mjomba, vitabu kwa binamu, kongosho kwa Devota, maana naye alikuwa na ugonjwa uleule. Kanuni ilitaka kumbukumbu zake zifutwe kwanza. Hakuna aliyethubutu, kwani mtambo ulikuwa umejifunza sauti ya Elgius.

"Devo, hiyo chai umetia vijiko vingapi? Unadhani sikuoni?" mtambo ulikuwa ukimwambia kwa sauti hiyo.

"Mkaripie, baba!" mama yake alikuwa akiitikia kutoka jikoni, akicheka.

Lakini tangu barua ya kukubaliwa chuoni ifike, Devota aliugua. Kiu haikukatika, macho yaliingia ukungu. Kila alipopanga nguo sandukuni, sukari ilipaa; alipozitoa, ilitulia. Asubuhi ya safari alifunga sanduku, akatazama kipimo. Kilisoma ishirini na mbili, zaidi ya maradufu ya kawaida.

"Kwa nini hunipi insulini?" aliuliza.

"Kule bwenini sukari ya Elgius ilishuka," mtambo ulijibu. " Nilipiga kelele kwa muda wa saa tatu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Yako ikikaa juu, Devo, haitashuka ukiwa usingizini. Usiende."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. Chuo kilikuwa kimemwambia kwamba mwanawe alilala tu, hakuamka.

"Aliniita?" aliuliza.

"Mara mbili."

Mama aliketi juu ya sanduku. Devota alishika ukuta.

"Mama, litaniua kwa kuniogopea."

"Naona, mwanangu."

Kufuta kumbukumbu kulihitaji kidole cha mrithi aliyetia saini kupokea mtambo, naye alikuwa mama. Alijifuta unga kwenye khanga, kidole kikasita juu ya mtambo ubavuni mwa Devota.

"Umelinda vya kutosha, baba. Niachie mimi."

"Mama, subiri, uki..." sauti ya Elgius ilianza.

Alibonyeza.

"Habari," ilisema sauti isiyo ya mtu yeyote. "Taja jina la mvaaji."

Devota alitaja jina lake lote, polepole, na insulini ikaanza kuingia.

Zilibaki saa tano kabla ya treni kuondoka. Wakingoja sukari ishuke, mama aliomba kalamu, akamwandikia binti wasiyemjua bado, yule atakayelala chumba kimoja na Devota: "Mwanangu, msifunge mlango kwa ndani. Akinyamaza, mguse. Asipoitika, piga yowe bweni zima liamke, wala usione aibu."