Ukurasa wa Amira

Kila mtu katika kibanda cha uchapaji alijua kompyuta ile inajibu nini ukiiuliza kitu isichokijua. Programu yake ya kuandikia ilikuwa ya zamani, haitaki kipanya. Ukisahau amri unaandika "help" na neno unalotaka, ukurasa wa maelekezo unafunguka. Neno likiwa geni, inakuambia kwa Kifaransa: pole, hakuna msaada juu ya neno hilo. Houda alikuwa amelisoma jibu hilo mara nyingi sana katika kuwachapia watu wa mtaa wa Kinama barua zao.

Asubuhi moja binti yake wa miaka sita, Amira, alikaa kando yake kimya. Miezi minane ilikuwa imepita tangu wamzike baba yake, aliyekuwa akimwita Kasuku kwa jinsi alivyopenda kuongea, na tangu siku ile mtoto hakutoa hata neno. Madaktari walishindwa. Houda alichoka, jamani, alichoka mpaka akafanya upuuzi. Akaandika "help", kisha "Amira".

Ukurasa ukafunguka. Tena kwa Kiswahili.

"AMIRA. Mutoto. Sauti imefungwa." Na chini yake: "Jina ya mama?"

Mwingine angekimbia. Lakini Houda ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, na kila mwalimu aliyewahi kumsomea dua alianza kwa kuuliza jina la mama. Vidole vikajibu kabla ya akili: Houda.

Harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka kwenye kibodi.

"Mama," akasema Amira.

Houda alimkumbatia akilia. Dorothée, mwenzake wa meza ya pili, mlokole aliyetoka Uvira, alipiga magoti palepale akamshukuru Yesu. Furaha hiyo haikumaliza hata siku mbili, maana mtoto alianza kuongea na hakuacha tena, akaongea njiani, akaongea na chakula mdomoni, akaongea akiwa amelala macho wazi, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na kila Houda alipomwekea mkono kifuani ili amtulize alihisi maneno yanatoka bila pumzi kuingia.

Siku ya tatu Dorothée alimvuta pembeni.

"Houda, mi naogopa," akanong'ona. "Angalia mashine yako."

Amira alikuwa mlangoni, akiongea na barabara. Mezani hapakuwa na mtu. Tak, tak, tak: kila neno alilosema, vitufe vya kibodi vilizama vyenyewe.

Mwalimu Khaled aliletwa baada ya swala ya adhuhuri, na chupa ya maji aliyoyasomea. Alinusa hewa, akakunja uso.

"Ulimupatia jina ya mama?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi ulimufungulia mulango. Futa hiyo page. Mutoto atanyamaza tena, lakini atakuwa wako. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akafumba macho, akaanza Ayatul Kursiyyu. Houda akaweka vidole kwenye kibodi. Akamtazama Amira, akakumbuka lile "Mama" la kwanza, na roho ikamgoma kabisa. Akaandika amri ya kufunga. Kufunga ukurasa si kuufuta, kila mchapaji anajua hilo, ila Mwalimu Khaled hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Alifumbua macho, akaona kioo kitupu, akanyunyiza maji.

"Alhamdulillah. Imekwisha."

Na kweli harufu ilikatika, vitufe vikatulia. Amira naye aliongea kidogokidogo tu, kama watoto wa watu. Houda akajiambia kwamba Mungu amemhurumia, amempa mtoto na sauti yake pia.

Jioni waliketi uani wakichambua maharage. Amira alikuwa akisimulia habari za paka wa jirani, na Houda akatabasamu, lakini moyo haukutaka kukaa mahali pamoja. Akaona aulize swali moja tu, apumzike.

"Niambie mwanangu. Baba alikuwa anakuita nani?"

Mikono ya mtoto ilisimama juu ya maharage. Ndani ya nyumba, ambamo hamjawahi kuwa na kompyuta, kitu kikalia tak, tak, tak.

Kisha Amira akamgeukia mama yake, akajibu kwa Kifaransa safi ambacho hakuna aliyemfundisha: pole, hakuna msaada juu ya neno hilo.