Gundi Chini ya Kiti cha Dereva

"Gari linaondoka saa nane. Tafuta karatasi, lakini usiichukue. Hakikisha tu kwamba ipo."

Sauti ya Mkuu ilikatika katika kidude kilichofichwa sikioni mwa Ormon. Alikuwa kifudifudi ndani ya gari kuukuu la Volga lililotolewa viti, kikwanguo mkononi, harufu ya tina ya kuyeyushia rangi imemjaa kichwani.

Jasusi huyu wa idara ya usalama alikuwa amejifanya fundi msaidizi kwa wiki tatu katika gereji ya Mzee Turgunboy, mjini Osh. Wiki tatu, na hakupata kitu. Leo Volga ilikuwa inavuka mpaka, na mahali fulani humo ndani kulikuwa na karatasi yenye majina manne ya majasusi wa idara hiyo walioko ng'ambo.

Jina moja ni la Saltanat.

Yeye na Ormon walikuwa waoane. Kazi ikampeleka huko kwanza, kwa miezi sita, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Karatasi ile ikifika, Saltanat hamalizi siku.

"Bado tu?" aliuliza Dilmurod, mlanguzi mwenye gari. Koti la ngozi, bastola ya Makarov chini yake. "Mzee, nimesema mpake rangi. Sikusema mniogeshee bibi harusi."

"Rangi haikai juu ya gundi kuukuu ya zulia," Mzee Turgunboy alijibu, bakuli la chai mkononi. "Baridi ya kwanza tu, inabanduka yote. Watasema Turgunboy amezeeka."

"Watasema nani? Gari linakwenda mbali."

"Basi watasema huko mbali."

Dilmurod alitema mate pembeni. Yeye alitaka jina la mzee tu, kwa sababu nusu ya watu wa forodha walikuwa wateja wake na gari lililotoka mikononi mwake hawalipekui. Hakujua kwamba jina lile lilipatikana kwa ukaidi.

Ormon alipuliza hewa ya moto kwa mashine, akakwangua. Gundi ya zamani ya Volga ni kavu, ukiikwangua inakuwa unga. Alipuliza, akakwangua, akafuta. Unga. Unga tena.

Alipofika mahali pa kiti cha dereva, gundi ikavutika.

Mbichi.

Mtu alikuwa ameikoroga na kutu ili ionekane ya zamani. Aliinyanyua kwa ncha ya kikwanguo. Nailoni nyembamba. Ndani yake, karatasi ya kusokotea sigara, majina manne kwa wino wa bluu.

"Ipo," alinong'ona.

"Safi. Irudishe. Gari lipite, tujue nani anaipokea."

"Saltanat yumo, Mkuu."

"Tunajua."

"Mtoeni leo."

"Tukimtoa watajua tumeiona. Saltanat anaijua kazi yake. Irudishe, Ormon. Hiyo ni amri."

Akiiba karatasi, Dilmurod atataka kuona palipofichwa kabla rangi haijapakwa, na risasi ya kwanza itamla mzee. Akiirudisha, amemuua Saltanat kwa mkono wake. Alitazama ule mkono. Ulikuwa umeshika kitambaa kilicholowa tina.

Alifuta.

Wino ulivuja, ukawa doa, ukaisha.

"Unafanya nini huko chini?" Viatu vya Dilmurod vilisimama mlangoni mwa gari.

"Gundi, kaka. Hapa ina ubishi."

Mlanguzi aliinama, mkono ndani ya koti. Nailoni ilikuwa imerudi mahali pake, gundi imelazwa juu yake. Aliitazama muda mrefu.

"Hapo pameshatosha. Paka."

"Mzee atanifukuza."

"Bora akufukuze yeye."

Ormon alipaka praima ya kutangulia, kisha rangi ya kijivu. Viti vikarudishwa, na saa nane Dilmurod akaondoka na Volga.

Saa kumi na moja sauti ilirudi.

"Karatasi imefika tupu. Waliokuwa wakiingoja wamempiga Dilmurod risasi."

Ormon aliweka kikwanguo chini.

"Wao wanajua ni fundi. Sisi tunajua ni fundi gani, na mzee tutamlinda. Usije ofisini, usiende nyumbani. Nakupa saa moja kabla sijatuma watu, kwa sababu mimi na wewe tumetoka mbali."

"Na Saltanat?"

"Yuko salama. Anabaki hukohuko, na hataambiwa kitu. Wewe kwake umekufa leo."

Ormon alitoa kile kidude sikioni, akakitumbukiza ndani ya kopo la tina. Akanawa mikono bila haraka.

"Mzee, nasafiri."

"Mbali?"

"Mbali."

Mzee Turgunboy aliweka bakuli la chai chini. Alifunua kitambaa, akatoa mkate wa duara, akamsogezea mdomoni. Ormon aliuma kipande. Kwao, mkate ulioumwa na msafiri hutundikwa ukutani, unamngoja arudi aumalize.

"Utarudi lini?"

"Tundika tu, mzee."

Ukutani tayari kulikuwa na mmoja, umekauka kama ubao, wa mwanawe aliyekwenda Urusi kutafuta kazi miaka tisa iliyopita. Mzee aliusogeza kidogo ili upate mwenzake, akaanza kupigilia msumari. Ormon alivaa koti, akatoka, akafuata njia ya sokoni pamoja na watu wengine.