Tundu la Njano

Siku Mwanasha alipoingia dukani kwa fundi Jatani, watu walikuwa wamejazana mlangoni wakitazama mpira, na jua la Garsen lilikuwa limewachoma hadi mashati yamewaganda migongoni. Alivaa buibui na mtandio wa zambarau, na ubavuni amebeba kitu kizito alichokifunga kwa leso. Mzee mmoja akageuka, akaona leso ile ilivyobebwa, akawasukuma wenzake.

"Mpisheni mama mwenye mtoto. Nyinyi huu mpira utawaua."

Akapishwa. Hakumsahihisha mzee, maana njia ni njia. Alipofika mezani akalitua furushi lake mbele ya kijana mrefu, mwembamba, mwenye shati la samawati lililopigwa pasi na bisibisi mfukoni. Kijana akapunguza sauti ya mpira, na wote mlangoni wakaguna.

"Mtoto yuko na shida gani?"

"Amemeza kitu, hataki kukitoa."

Leso ikafunguliwa. Ilikuwa deki ya video ya zamani, nzito, na kanda imekwama tumboni mwake. Jatani akaizungusha taratibu.

"Huyu mtoto ni mkubwa kuliko mimi."

"Basi mwamkie."

"Shikamoo, deki," akasema Jatani, na uso wake haukucheka hata kidogo. Mwanasha ndiye aliyecheka, na alikuwa na miezi mingi hajacheka mbele ya mtu asiyemjua.

Lakini kilichomleta hakikuwa cha kuchekesha. Ndani ya ile kanda mlikuwa na dada yake, Bushra, siku alipotolewa nje kule Kipini: bibi harusi amepambwa, amekalishwa juu, na wanawake wamevua mabuibui yao wanamwimbia. Aliyepiga video alikuwa mwanamke, kama ilivyo desturi, na nyumba nzima iliapa kwamba hakuna mwanamume atakayeiona. Hata baba yao alikufa hajaiona. Haikunakiliwa kamwe, kwa sababu kilichoingia kwenye simu hakina mwenyewe. Mwaka mmoja baada ya harusi Bushra alikufa akijifungua, na mtoto akamfuata. Picha za karatasi ziliharibiwa na mafuriko. Ikabaki kanda.

Mama yao bado aliitwa Mama Bushra, jina ambalo hakuna aliyethubutu kulibadilisha. Sasa presha ya macho ilikuwa ikimfunga dunia kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, na daktari alikwisha sema kwamba kinachopotea hakirudi. Mama aliomba jambo moja tu, amwone Bushra tena kabla ya giza. Mwanasha, mwalimu wa chekechea, alijinyima akanunua TV bapa, kubwa kuliko dirisha lao, ili mama aone vizuri. Kumbe TV ile haikuwa na mahali pa kuchomeka deki.

"TV yako iko na matundu ngapi?" Jatani akauliza.

"Mangapi," akasema mwalimu.

"Haya, mangapi. Na iko ya njano?"

"Ya HDMI tu. Mawili."

Juu ya rafu palikuwa na risiva ya home theatre, ile mashine inayokusanya waya zote na kuzigawa, sauti iende kwa spika na picha iende kwa TV. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na nyuma yake Mwanasha akaliona tundu la njano lenyewe, limekaa kando ya jekundu na jeupe.

"Si hii hapa? Nifungie hii."

"Hii usichukue."

"Wewe ni muuzaji wa namna gani?"

"Wa namna ya kukaa Garsen. Nikikudanganya utanipata hapa hapa kesho." Akaigeuza. "Ukiingiza njano, inatoka njano. Haigeuzi. TV yako itakaa giza na utanilaani. Unataka ile inapokea njano na inatoa HDMI. Ziko chache, lazima niagize Mombasa. Kuna vidude vidogo vya kugeuza pia, lakini kanda iliyochoka hivi, picha itatetemeka."

Kwa kweli moyo wa Mwanasha uliangukia pale pale, kwa mwanamume aliyekataa kumuuzia kitu.

"Deki niachie nitoe kanda," akasema Jatani. "Nitasafisha kichwa, kile kinachosoma kanda."

"Toa, lakini usiicheze. Haitakiwi kuonwa na mwanamume. Risiva ikija, tutaijaribu pamoja, mimi ndani na wewe nje. Niahidi."

"Nimeahidi."

Zikaanza simu. Kila siku saa nne, watoto wakinywa uji, simu ya Mwanasha ilitikisika mfukoni.

"Mwalimu, risiva haijafika."

"Ulinipigia jana kuniambia haijafika."

"Jana ilikuwa haijafika ya jana. Hii ni ya leo."

"Na wewe huna kazi, fundi?"

"Niko nayo. Hii ndiyo kazi."

Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kiorma, mtu wa maneno machache, aliyejifunza ufundi Mombasa na kurudi. Kwa Mwanasha tu maneno yalikuwa hayamwishii. Jioni akimaliza kazi walitembea pamoja hadi njia panda, wameachana hatua mbili kwa ajili ya macho ya watu, yeye na mtandio wake wa zambarau, huyu na shati la samawati. Siku moja Jatani akamwita "roho yangu", kisha akaangalia viatu vyake kwa muda mrefu. Mwanasha akamjibu, "Sema tena, laazizi, sikusikia vizuri," na alikuwa amesikia vizuri sana. Wakakubaliana kwamba mama akishaona kanda yake, wazee wa Jatani watakuja kuposa.

Risiva ikafika Alhamisi, kabla ya siku yake. Siku hiyo Mwanasha alikuwa kwenye semina ya walimu Hola, simu imezimwa. Saa kumi aliposhuka garini njia panda, Ikran muuza sharubati akamwita pembeni.

"Shoga, mwakaribisha harusi dukani siku hizi? Leo mchana fundi wako ameshusha mlango nusu, yuko ndani, na vigelegele na nyimbo za wanawake vyasikika hadi huku. Nikasema, hizi si za Kipini hizi?"

Lisemwalo lipo, wanasema watu, na ndiyo taabu yake, maana lililopo mara nyingi ni nusu. Mwanasha hakungoja sharubati. Alimkuta Jatani akifunga waya, kanda na deki viko mezani, na uso wake ukachangamka alipomwona.

"Mwalimu, imefika na inafanya."

"Kanda umeicheza?"

"Nimecheza, lakini..."

"Uliahidi hukuahidi?"

"Niliahidi. Mwanasha, gari lilikuwa linarudi leo, na aliyeniuzia alisema kama haifai..."

"Basi. Jibu nimelipata."

"Sikuiona."

"Umeicheza hukuiona? Wewe wanifanya mtoto wangu wa chekechea?"

Jatani akaweka waya chini. Baba yake alimfunza kwamba neno la kweli husemwa mara moja, ukilirudia linafanana na uongo, na alikuwa amelisema. Laiti angelisema mara kumi siku ile. Mwanasha akaifunga deki na kanda kwa leso, akatoka amebeba vile vile alivyokuja, machozi yanamchuruzika, na barabarani akaifungia namba ya Jatani. Jatani alipojaribu kupiga kwa namba nyingine, Mwanasha alikata. Alipokuja shuleni, alimtuma mlinzi aseme mwalimu hayupo.

Risiva akaenda kuinunua mwenyewe Malindi. Aliipata yenye matundu manne ya HDMI na la njano pia, akaibeba kwa furaha ya kiburi. Mama akakalishwa mkekani, karibu kabisa na TV. Waya wa njano ukaingia kwenye la njano, HDMI ikaingia kwenye HDMI, na TV ikaandika kwamba haipati kitu. Wakasikia wimbo, picha hakuna. Mwanasha alijua kwa nini. Maneno yenyewe aliyakumbuka, na sauti iliyoyasema: inaingia njano, inatoka njano.

"Mpigie yule fundi wako," mama akasema.

"Sina fundi, mama."

"Basi twangoja nini?"

Wakangoja. Mwanasha aliulizia Malindi, akaulizia Mombasa, kila mtu akimwambia lake. Kumpigia mtu mmoja aliyejua kulimshinda. Wiki zikawa mwezi, mwezi ukawa miwili.

Asubuhi moja alikuwa akimtengea mama chai. Jua lilishapanda ukutani, kuku wako uani.

"Mwanasha," mama akaita kutoka kitandani, "yeo mbona hakuchi?"

Mwanasha akasimama na kikombe mkononi. Alikaa kitandani akamshika mama mikono, na mama mwenyewe, kwa mikono ile, akaelewa.

Kliniki ya macho kule Hola haikuwa na jipya la kuwaambia. Wakiwa wamekaa kwenye benchi, muuguzi mwanafunzi akaja kumpima mama presha ya damu, msichana mrefu, mwembamba. Alisoma jina kwenye kadi, akamtazama Mwanasha, akatabasamu.

"Nyinyi ni watu wa Kipini? Mwenye deki? Mimi ni Kadra, dada ya Jatani. Mama, niliona harusi ya binti yako. Kanzu ya dhahabu, na vikuba vya asumini hadi kiunoni."

Mwanasha akamgeukia. "Uliiona wewe?"

"Mimi peke yangu. Kaka aliniita nitoke nyumbani mbio, gari la Mombasa lilikuwa linangoja, na alisema kuna mama macho yake yanaisha, tukirudisha mashine isiyofaa tutapoteza mwezi. Yeye alikuwa nyuma ya TV na waya, amegeukia ukuta. Ananiuliza, uso unatetemeka? Nyekundu ni nyekundu? Nikitaka kumwambia bibi harusi anavyopendeza, ananikataza. Anasema, hiyo si yangu, niambie rangi tu." Kadra akaifungua mashine mkononi mwa mama. "Kesho yake nikarudi chuoni Hola. Nilidhani mlishaiona zamani."

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja akiwa mkubwa tayari. Mwezi ambao Jatani aliogopa kuupoteza, Mwanasha aliupoteza kwa mikono yake, tena miwili. Akainama pale benchini akalia mbele za watu. Mama akanyoosha mkono, akampapasa hadi akalipata bega.

"Nyamaa. Mato yangu hukuyala wewe," akasema, akiyagusa macho yake kwa mkono wa pili.

Alasiri akaenda dukani. Hapakuwa na mpira siku hiyo. Risiva ilikuwa juu ya rafu ya mwisho, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi.

"Hukuiuza?"

"Iko na mwenyewe," akasema Jatani.

"Nilikuuliza nusu ya swali, nikaondoka na nusu ya jibu. Nisamehe." Akashika ukingo wa meza. "Jatani, mama haoni tena."

Jatani akaketi juu ya kasha, bisibisi ikamwanguka mkononi.

"Ningekuja nisimame mlangoni kwenu," akasema. "Mchana kutwa. Nilisema mara moja nikaona inatosha."

"Nisingekufungulia."

"Ningesimama tu."

Mwanasha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Bado nataka ifungwe. Mama atasikia, japo."

Jatani akaja Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu nyeupe na kofia mpya, amebeba risiva kifuani. Mama Bushra alikuwa amevalishwa leso zake nzuri na kupakwa wanja, kama mtu aendaye harusini. Jatani alimwamkia, akapanga spika pembe za chumba, akachomeka nyekundu, nyeupe, na mwisho njano. Akampa Mwanasha rimoti, akatoka uani kabla haijabonyezwa.

Picha ikaja. Ilikuja safi kuliko alivyoikumbuka. Bushra ameketi juu, kanzu ya dhahabu, macho ameyainamisha, hina hadi viwikoni, umri wake mdogo kuliko umri wa Mwanasha sasa. Nyimbo zikajaa chumba kizima.

"Ameingia?" mama akauliza, uso ameuelekeza pasipo TV.

"Ameingia, mama. Amekaa. Asumini zimefika kiunoni." Akamsimulia yote, moja baada ya jingine, mpaka koo likamkauka. Mama alisikiliza akitingisha kichwa kwa ngoma, wanja ukimtelemka mashavuni.

Kisha akasema, "Yule kijana yuwapi?"

"Uani, mama. Juani."

"Zima picha."

"Mama?"

"Picha yaonekana na wewe tu, na wewe ushaiona. Mimi hainifai tena. Zima picha, isalie sauti, umwite aingie. Mtu hakai juani nyumbani kwa wakweze."

Mwanasha akabonyeza. Dada yake akatoweka, TV ikawa nyeusi, na vigelegele vikaendelea. Akaenda mlangoni akamwita Jatani. Jatani akavua viatu, akaingia macho ameyaweka chini, akatazama TV mara moja tu kuhakikisha kweli imezimwa.

"Ndoo ukae hapa," mama akasema, akipapasa mkeka upande wake wa kushoto. "Wazee wako waje wiki hii, nisikie na harusi nyengine. Sasa tulia. Kuna mahali yuwaja kucheka."

Wakakaa watatu mbele ya kioo cheusi, wakingoja. Wimbo ukaisha, mtu akasema neno la utani kwa mbali, na msichana akacheka, cheko fupi la aibu.

"Huyo," mama akasema. "Huyo ndiye Bushra."

Jatani akainamisha kichwa. Mwanasha alikuwa akilia bila sauti ili mama asijue, na mama, bila kugeuka, akampa ncha ya leso yake.