Pumzi ya Kitanda cha Sita

Kisa hiki alikisimulia shangazi yetu, muuguzi, mwaka aliostaafu, akichambua mchele jikoni. Alikisimulia mara moja tu.

Kila asubuhi aliwafundisha wagonjwa wa kifua kupumua: vuta kwa hesabu ya nne, zuia, kisha toa taratibu. Wengi walikuwa na papara, hivyo akaweka sheria yake: "Nisiposema toa, hakuna kutoa."

Fundi cherehani mmoja, mzee wa kitanda cha sita, aliipenda. "Hata mke wangu hakuwahi kuniamrisha hivi, sista," alimtania.

Siku moja shangazi alisema "zuia," na papo hapo dripu ya mgonjwa wa jirani ikachomoka. Akaikimbilia. Aliporudi, fundi alikuwa ameketi wima, midomo kaibana, kifua kimejaa. Macho yanamtazama yeye. Alikuwa amekufa; daktari aliandika kuwa ni moyo. Wakati ule shangazi hakumwambia mtu ni neno gani lililobaki.

Mwezi uliofuata mama yake mzazi alilazwa kwa kifua. Kitanda kilichokuwa wazi ni kile cha sita. Akaomba kingine, hakikuwepo.

"Nimekuzaa bila kufundishwa kupumua," mama alicheka, "leo wanifundisha wewe!"

Shangazi aliiacha kabisa ile zuia. "Vuta, mama. Sasa toa."

Mama akakawia kutoa.

"Mbona hivyo, mama?"

"Si huyo mzee nyuma yako kaniambia nizuie?"

Shangazi aligeuka. Ukuta mtupu.

Kesho yake mama alikawia zaidi. Siku ya tatu alivuta pumzi, akabana midomo, akainua kidole: subiri.

"Toa, mama."

Akatikisa kichwa.

"Mama, nakuomba!"

Alimkanda kifua. Aliita daktari. Alimpanua midomo kwa vidole. Kifua hakikushuka. Mwishowe akaugeukia ukuta, akanong'ona, "Toa, baba. Nisamehe. Toa."

Pumzi ndefu ikashuka shingoni mwa shangazi. Ya moto. Haikutoka kwa mama.

Walipomvua mama gauni la kulalia ili aoshwe, walikuta mstari wa chaki ya fundi, umenyooka kifuani, pale nguo inapoanza kubana. Tumelifua mara nyingi. Limo sandukuni, na mstari wake.

Fundi hayupo, mama hayupo, daktari naye alishazikwa. Shangazi yu hai. Ana miaka themanini na mmoja, na hulala mdomo wazi.