Karatasi ya Mama Iliyokaa Mapokezi

Kila asubuhi Gody aliamka kabla ya Hana. Alichota maji kwenye bomba la jirani, akakoroga uji, kisha akamwamsha mdogo wake kwa kumvuta kidole gumba cha mguu na kusubiri kelele. Kelele zilikuja bila kukosa. Hana alikuwa na miaka sita, na akishamaliza kupiga kelele, swali lake lilikuwa lile lile.

"Kaka, tunahamia kwa mama lini?"

"Mshahara wake ukikaa sawa," Gody alijibu, huku akiinama kutafuta kiatu ambacho wala hakikuwa kimepotea.

Walikuwa wakiishi Bweri, mjini Musoma, kwa shangazi yao Susana, dada wa marehemu baba yao. Shangazi hakuwa na roho mbaya hata kidogo, ila nyumba yake ilikuwa ndogo na watoto wake walikuwa wengi, hivyo usiku ukigeuka kitandani unamgeuza na mwenzako. Mama yao, Dafroza, alikuwa Bunda. Zamani alifanya kazi hapo hapo Musoma, katika kiwanda cha minofu ya samaki. Kisha akapata kazi nzuri zaidi Bunda, stoo ya kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa akifika nyumbani kila Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili. Alikuwa ameshaona vyumba viwili vya kupanga huko, vyenye uwanja wa kuchezea mbele. Kilichobaki ni hela ya pango tu, ahamishe watoto wake wakae pamoja.

Lakini mshahara wa kwanza ulikuja umenyofolewa. Jumamosi hiyo mama aliwaeleza jambo lenyewe kwa vipande vya muhogo wa kuchemsha.

"Huu wote ni mshahara wangu," alisema. "Serikali inasamehe kodi kwenye sehemu ya kwanza. Kipande hiki hakiguswi. Lakini mtu akiwa na kazi mbili, msamaha anaupata kwenye kazi moja tu. Sasa kiwanda cha samaki hakijanipa karatasi ya kuonyesha kwamba niliacha kazi kwao. Kwa hiyo kule Bunda wananihesabu kama mwenye kazi mbili, wananikata kote kote. Karatasi ikifika, msamaha wangu unahamia Bunda na mshahara unakaa sawa."

Hana alikichukua kipande kilichosamehewa akakila. Mama alicheka, kisha akamgeukia Gody.

"Mhasibu wao amesafiri, hajasaini. Akisaini ataiacha mapokezi kwa Mama Gaudensia. Mimi siku za kazi siwezi kuja, na nikifika Jumamosi ofisi yao imeshafungwa. Wewe ndiye mkubwa, baba. Uwe unapitia ukitoka shule."

"Sawa, mama," alisema Gody, naye siku hiyo alimaanisha.

Tatizo halikuwa njia, maana kiwanda hakikuwa mbali na shule. Tatizo lilikuwa Mama Gaudensia mwenyewe, ambaye Gody alimwita bibi. Mama huyu alitoka Nyegina, kijiji cha babu yake Gody, na kwa desturi za kwao bibi humtania mjukuu wa kiume kwamba ndiye mume wake. Hakuna ubaya katika utani huo. Ila Bibi Gaudensia alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto, na hakuijua sauti nyingine.

"Shikamoo, bibi," Gody alisalimia siku ya kwanza, kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mume wangu!" Bibi aliitikia mpaka walinzi wakageuka. "Jamani, mume wangu huyu hapa, amenifuata kazini! Karatasi bado, mume wangu. Umeniletea nini, au umekuja mikono mitupu?"

Nje ya geti walikuwa wanapita wavulana wa darasa lake wakienda kucheza mpira. Dotto, mcheshi wa darasa, alisimama akashika tumbo kwa kicheko. Kesho yake Gody alipoingia darasani alipokelewa kwa vigelegele. "Mume wa Bibi! Mume wa Bibi!" Hata wasichana wa mbele waligeuka kumtazama. Masikio yalimwaka moto, na akajiapiza kwamba mguu wake hautakanyaga tena pale getini.

Jumamosi mama aliuliza. Gody akasema hawajasaini. Uongo wa kwanza ulitoka kwa shida, kama mwiba wa samaki kooni. Wa wiki iliyofuata ulitoka wenyewe.

Kisha Dotto alimjia wakati wa mapumziko, mikono mfukoni. "Mke wako ameniita getini. Anasema karatasi iko tayari, mume wake aje aichukue."

Wavulana wakaangua kicheko, na Gody akacheka nao ili aonekane hajali. Hakwenda. Alijiambia atakwenda kesho, na kesho akajiambia hivyo hivyo. Mama alipouliza tena, akaogopa kuulizwa kwa nini karatasi iliyo tayari haijafika nyumbani, akaongeza chumvi.

"Bibi Gaudensia anasema tusimsumbue. Anasema tuna haraka gani."

"Mama Gaudensia kasema hivyo? Alikuwaga anatupenda sana yule," alisema polepole, na Gody akatamani ardhi ipasuke. Mshahara wa pili nao ukaja umekatwa, na mwenye nyumba wa Bunda akawapa vyumba wapangaji wengine. Hana alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Gody alimbembeleza, huku moyoni akijiona mchafu kuliko dekio.

Njia ya mwongo ni fupi. Ijumaa moja Gody alirudi kutoka shule akamkuta mama ameketi barazani na mkoba mapajani.

"Nimeomba ruhusa kazini," mama alisema. "Twende kiwandani. Leo ataniambia mwenyewe haraka yangu ni ipi."

"Mama, tumbo linaniuma."

"Litauma tukirudi."

Njia nzima Gody alitafuta maneno asiyapate. Alikuwa na nafasi ya kusema kwenye kona ya duka, akaiacha ikapita. Alikuwa na nyingine walipokaribia geti, nayo akaiacha. Walipoingia mapokezi palikuwa na vibarua wanasubiri na walinzi wawili. Bibi Gaudensia aliinua uso, akaanza kutabasamu.

"Mama, mimi nakuheshimu," alianza Dafroza. "Lakini unakaa na karatasi yangu kwa nini? Nakatwa hela miezi miwili. Watoto wangu wanalala wamebanana, mdogo analia kila siku. Halafu unamwambia mtoto tuna haraka gani? Nimekukosea nini?"

Tabasamu la Bibi Gaudensia lilikufa. Alifungua droo, akatoa bahasha ya kaki yenye jina la Dafroza, kona zake zimeanza kujikunja kwa kukaa. Alimtazama Dafroza, halafu akamtazama Gody, muda mrefu. Gody aliona wazi kwamba bibi ameelewa kila kitu. Sasa atasema, aliwaza, na sauti yake hiyo, mbele ya watu wote hawa.

Bibi Gaudensia alishusha pumzi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo Gody hakujua kama anayo. "Ni uzee. Nilisahauga humu kwenye droo."

Mlinzi mmoja alitikisa kichwa kwa masikitiko. Kibarua mmoja mwanamke akanong'ona, "Wazee wa hivi si wapumzike tu!" Bibi alisikia, akainamisha kichwa. Gody alikuwa amejiandaa kwa kuumbuliwa. Kwa kufichwa hakuwa amejiandaa hata kidogo. Mwanamke mzima alikuwa ameipokea aibu yake na kuivaa mbele za watu, na yeye amesimama pale na sare yake safi.

"Hakusahau!" Gody alisema, na sasa sauti iliyopaa ilikuwa yake. "Mama, bibi hakusahau. Aliniita. Alimtuma Dotto. Ni mimi ambaye sikuja. Sijaja tangu siku ya kwanza. Na hayo maneno ya haraka gani niliyatunga."

"Ulitunga?" Mama alimtazama kama anamtazama mtoto wa watu. "Kwa nini?"

"Walikuwa wananicheka. Bibi ananiita mume wake."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kisha akaacha. Sababu ile, ambayo darasani ilikuwa kubwa kama mlima, pale mbele ya mama ilionekana ndogo kuliko punje ya ulezi. Dafroza hakumchapa wala hakumfokea. Aliweka mkoba chini, akapiga goti mbele ya Bibi Gaudensia, akainamisha kichwa.

"Mama, nimekutukana mbele za watu bila kosa. Nilimtafuta mchawi nje, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Naomba unisamehe."

Gody angependa achapwe viboko hata mbele ya shule nzima kuliko kuona goti lile la mama yake sakafuni. Alilia bila kujificha, akapiga goti naye pembeni. Bibi Gaudensia alizunguka meza akawainua wote wawili, akampangusa Gody machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mimi nimesamehe," alisema. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Aibu ya kuchekwa na wenzako ilikuwa inaishia pale getini. Hii ya leo utalala nayo. Na mimi pia nimekosa. Ningejua utani unakuumiza, ningeuacha. Ungeniambia tu, bibi, sipendi."

Nyumbani Hana aliwapokea mlangoni na swali lake. Mama alimtazama Gody, akasubiri.

"Tumechelewa kwa sababu yangu," Gody alisema. "Karatasi ilikuwa tayari zamani, sikwenda kuichukua."

Hana alimwangalia, akamgeuzia mgongo, akaenda kulala bila kumsemesha. Zilipita siku kadhaa mpaka Hana alipokubali tena kuamshwa kwa kidole gumba.

Bahasha ilifika Bunda. Mwezi uliofuata msamaha wa kodi ulikuwa umehamia kazi mpya, na mshahara ulikaa sawa. Hela zilizokatwa kupita kiasi mhasibu wa pale alisema atazifuatilia, ingawa taratibu zake ni ndefu. Mama alipata vyumba vingine, vidogo kuliko vile vya kwanza na visivyo na uwanja, na likizo ilipoanza akaja kuwachukua watoto wake. Kabla ya kuondoka, Gody alikwenda peke yake kiwandani kumuaga Bibi Gaudensia, mchana kweupe, wenzake wakimwona.

Jioni ya kwanza Bunda, Hana akiwa ameshalala katikati ya godoro jipya kana kwamba amelinunua yeye, mama alimwita Gody wakakaa mlangoni.

"Mwanangu, kiwanda kilipochelewesha karatasi sikulia," alisema. "Karatasi ikichelewa naifuata. Napiga simu, nagonga milango. Lakini ukweli wa mtoto wangu ukichelewa, nitaufuata wapi? Nilikuwa nalala nikijua ninao."

"Siku nyingine nitasema siku ile ile, mama. Hata kama ni jambo la aibu."

"Hasa likiwa la aibu," mama alimsahihisha. "Ya sifa, hata usiposema, watu watanisimulia."