Kishikio cha Ndani

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akapona, yeye akaganda.

Mkaguzi wa afya alilala kifudifudi katika chumba cha baridi cha mgahawa, chini ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Mlango ulikuwa na michirizi ya damu upande wa ndani, na kishikio chake kilizunguka bure kama pedali ya baiskeli iliyokatika cheni.

"Baridi imemuua," alisema daktari wa polisi. "Polepole."

Inspekta alimgeukia mwenye mgahawa, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri. "Kishikio kimeharibika tangu lini?"

"Zamani, afande. Lakini cheti tunacho. Huyu bwana jikoni hakanyagi. Anakunywa chai kaunta, anatia sahihi, anaondoka."

"Sasa jana alifuata nini humu?"

"Sijui, afande."

Inspekta alionyesha kreti la soda lililowekwa vizuri kando ya ukuta. "Hili la nini?"

"La kuzuia mlango. Mtu akiingia, analiweka. Wafanyakazi wote wanajua."

"Yeye hakujua. Aliyeliondoa alijua. Jana nani alifunga jiko?"

"Bi Mwiko, mpishi. Lakini mama yule mpole, afande. Hata mdogo wake alipofia humuhumu, hakunigombeza."

Bi Mwiko alikuwa jikoni, akikata vitunguu. Macho makavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Mdogo wako alikufaje?"

"Alifuata nyama. Kreti likateleza, mlango ukajifunga. Tulimkuta amekumbatia magoti. Mkaguzi alikuwa ameshaandika kishikio ni kizima. Tulipotoka kuzika akaja, akaandika vilevile."

"Jana je?"

"Nilimwambia, baba, hebu ingia unionyeshe kinavyofungua. Akacheka, akaingia. Nikavuta kreti."

"Aligonga?"

"Sana. Nikamwambia azungushe tu, si kizima? Nikaongeza baridi, nikapiga deki mpaka akanyamaza."

"Kwa nini yeye, si Tajiri?"

"Tajiri ni fisi, na fisi kula mizoga ni kawaida yake. Huyu aliwekwa kulinda zizi."

Inspekta alitoa pingu. "Mkewe yuko nje na watoto. Hutamwomba radhi hata yeye?"

Bi Mwiko alifuta kisu, akakiweka, akanyoosha mikono.

"Mwambie mumewe amekufa akikagua, kwa mara ya kwanza. Radhi siombi."