Robine Iliyobaki Kasenga

Victorine alikuwa akifua nepi za mtoto uani. Injini ya boti ililala kando ya karai lake. Mumewe, Anaclet, aliileta na lori la samaki kutoka Kasenga mpaka hapa Élisabethville. Alikuwa ameinunia kama mtu aliyekosana na ndugu yake.

"Pompo imekufa," alisema. "Nitaiuzisha sawa chuma cha zamani."

"Na mama yangu? Batizo iko dimanche!"

Mama huyo, Mumba, aliishi kisiwani katika ziwa la Mweru. Jumapili hiyo mtoto alikuwa apewe jina lake. Mtumbwi aliuogopa, alikubali boti ya Anaclet peke yake. Bila boti, mtoto angebatizwa na mwenye jina hayupo. Victorine aliinama, machozi yakaanguka ndani ya povu.

Jirani yao Stanislas, fundi wa injini za dizeli, alisikia akaja.

"Anaclet, mukwetu, ilikufa namna gani?"

"Ilitembea kidogo, ikanyamaza. Nilifungua robine ya mazutu mpaka mwisho. Nilizungusha manivele ya kuwashia mpaka mukono ikaniuma. Hapana!"

"Ile robine ya kufungulia mafuta iko wapi?"

"Ku tenki."

"Na tenki?"

Anaclet alikuna kichwa. "Kasenga. Mu boti."

Stanislas alicheka mpaka akakaa chini. "Uliniletea mugonjwa, ugonjwa ukauacha kule!"

Aliweka bidoni, dumu la mazutu, juu ya ukuta, akaiunganisha na injini kwa bomba la mpira. Akalegeza skrubu ya chujio. Yalitoka mapovu, kisha mazutu matupu. Akakaza.

"Hewa ikiwa mu tiyo, mu bomba ya mazutu, motere haiwake," alieleza. "Kwanza unaitosha inje."

Anaclet akazungusha manivele. Injini ikawaka! Moshi ulijaa kwenye nepi zote, na Victorine hakujali hata kidogo. Stanislas aliizima upesi, kwa sababu haikuwa na maji ya kuipoza.

"Pompo iko muzima," alisema. "Siku ingine, mbele ya kutosha motere mu boti, legeza tiyo. Mazutu haitoke? Fuata tiyo mpaka ku tenki."

Walirudi Kasenga wote wawili, pamoja na injini na robine mpya. Kwenye boti walilegeza bomba. Robine ya zamani ilionekana imefunguliwa, lakini hata tone halikutoka. Walimwaga mazutu ya tenki kwenye bidoni, wakaing'oa robine. Mkono wake ulizunguka vizuri. Lakini ndani, kizibo kilibaki palepale, kimefunga.

"Mukono inazunguka, roho haizunguke," alisema Stanislas. "Imelika."

Anaclet alizungushia nyuzi za kitani kwenye meno ya robine mpya ili isivuje, akaikaza mwenyewe. Walifunga injini mahali pake, Anaclet akarudisha mazutu, akatoa hewa. Boti ikaunguruma, naye akaipigapiga injini mgongoni, akiiomba msamaha.

Walipomchukua kisiwani, Mama Mumba alikaa mbele kabisa, amempa mkwe wake mgongo, kama heshima inavyotaka. Mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Ziwa zima alivuka hivyo.

Jumapili, kule Élisabethville, mtoto alitoka kanisani na jina lake. Bibi alimpakata, akamnusa. Nepi ilikuwa bado inanuka mazutu.

"Victorine," alisema, macho yake kwa mtoto tu, "umuambie mwenye motere: majina yangu, huyu mwenye jina langu, ananuka sawa yeye. Na mimi ninamupenda."

Anaclet alikuwa amesimama nyuma yake. Alitazama chini, akatabasamu.